Presha Haipigi Hodi: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi wa Dunga



Mshipa wa damu wenye afya hutanuka moyo unapopiga, kisha hurudi. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mshipa hunenepa na kukakamaa. Moyo huwa kama mvuvi anayepiga kasia upepo ukimkabili: misuli yake hunenepa, mwishowe huchoka. Ndipo mtu huhema akitembea kidogo tu, na miguu huvimba.

Wengi huacha dawa kwa kuwa hawasikii maumivu. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90, nenda zahanati. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu ya samaki wa kukaushwa. Dawa usiiache kabla ya kumwona daktari.

Pimeni leo.