Mapambo ya Noeli Yakatwayo kwa Msumeno



Tumepewa nafasi katika siku hizi za jubilei tuseme machache juu ya kazi za mikono. Wengine wamekwisha kunena vema juu ya shule na hospitali, na juu ya njia ndefu walizotembea makatekista wa kwanza. Sisi tumechagua jambo dogo, nalo liko pale mezani karibu na mlango: nyota, malaika, ng'ombe na punda, vyote vimekatwa katika ubao mwembamba usiozidi unene wa milimita 4. Tangu asubuhi tumewasikia watu wakisimama hapo na kusema. Mmoja alisema, "Huu ni mchezo wa watoto, fundi seremala hutengeneza milango na vitanda." Mwingine akasema, "Haya ni mapambo ya Wazungu, yatuhusu nini?" Maneno yote mawili ni ya haki. Tutaanza na hilo la pili, maana jibu lake ndilo refu.

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa mashariki, liko jimbo liitwalo Saksonia. Kusini mwake, mpakani na nchi ya Ucheki, kuna milima iitwayo kwa lugha yao Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Mwaka 1168 fedha ilionekana huko, mahali ambapo leo uko mji wa Freiberg, na tangu hapo watu wakamiminika kama nyuki. Wakachimba fedha, wakachimba bati na madini mengine, mamia ya miaka. Habari hiyo ni kubwa hata mwaka 2019 UNESCO iliitia nchi hiyo ya machimbo, upande wa Ujerumani na upande wa Ucheki pamoja, katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Basi yafikirini maisha ya mchimbaji wa zamani. Katika mwezi wa Desemba jua la huko huchelewa kuchomoza, nalo huwahi kutua. Mtu huyu alishuka shimoni kungali giza, akafanya kazi gizani kwa taa ndogo, na alipopanda juu giza lilikuwa limekwisha kurudi. Siku nyingi za majira ya baridi hakuuona mwanga wa mchana ila Jumapili. Si ajabu basi kwamba watu hao walipenda mno kuwasha mishumaa wakati wa Noeli. Ikawa desturi kuweka dirishani sanamu za mti zilizoshika taa: malaika mmoja kwa kila binti wa nyumba, na mchimbaji mmoja kwa kila mwana. Mpita njia aliyetazama dirisha aliweza kuhesabu watoto wa nyumba bila kubisha hodi. Sisi twaona hesabu hiyo ni nzuri kuliko nyingi zilizomo vitabuni.

Tena walikuwa na upinde wa mishumaa, ambao hata leo huonekana katika madirisha ya huko kila Desemba. Ule wa zamani sana ujulikanao una tarehe ya mwaka 1740, nao ulifuliwa kwa chuma katika mji wa Johanngeorgenstadt. Wengine husema umbo lake ni mlango wa shimo la madini, wengine husema ni mbingu. Kila mzee ana lake. Mwaka 1937 mwanamke aitwaye Paula Jordan aliuchorea mji wa Schwarzenberg upinde mkubwa, na ndani yake akaweka wachimbaji, na mchongaji wa mti, na mama afumaye kimia. Yaani aliwaweka watu wa kwao na kazi zao. Picha hiyo ikaenea sana, na watu wengi wakaikata katika mbao nyembamba nyumbani kwao, kwa msumeno ule ule tutakaoueleza.

Lakini madini huisha. Katika kijiji cha Seiffen watu walichimba bati, na bati lilipopungua njaa ilibisha mlangoni. Misitu walikuwa nayo, na maji ya mto walikuwa nayo. Maji yaliyokuwa yakiendesha vinu vya kupondea mawe wakayageuza yaendeshe mashine za kukerezea mti. Kwanza walikereza sahani, vijiko na vifungo, kisha vitu vya kuchezea watoto. Kufika katikati ya karne ya 19 uchimbaji wa bati ulikuwa umekoma kijijini, na mti ndio uliowalisha.

Hapa hatuna budi kuwaeleza ufundi mmoja wa Seiffen, ingawa si wa msumeno, kwa kuwa ni wa ajabu. Fundi huchukua kipande cha gogo kibichi, cha mti wa jamii ya msonobari, akakikereza kiwe pete kubwa. Ndani na nje ya pete hutia mabonde na vilima, hapa zaidi, pale kidogo, na mtu asiyejua huona pete yenye mikunjo tu. Kisha huipasua kwa patasi vipande vyembamba kama mtu akatavyo mkate, na tazama, kila kipande ni farasi, au ng'ombe, au tembo. Pete moja huzaa wanyama makumi. Fundi mwenyewe hamwoni mnyama wakati wa kukereza. Umbo lote li kichwani mwake mpaka patasi ilifunue.

Sasa, wapendwa, tusiisifu kazi hiyo kupita kweli. Wanyama hao waliuzwa kwa fungu la sitini sitini, kwa bei ndogo mno. Wafanya biashara ndio walioshika njia ya kwenda mijini, nao ndio waliopanga bei. Fundi hakuwa na pa kwenda kwingine, akakubali. Ili fungu litoshe kununua viazi, nyumba nzima ilifanya kazi: baba akakereza, mama akapaka rangi, na watoto wakabandika miguu na masikio hata usiku, ilhali kesho ilikuwa siku ya shule. Katika miji ya mbali mtoto mmoja alifurahia kichezeo kilichomnyima usingizi mtoto mwenziwe. Tumelitaja jambo hili kwa makusudi, nasi tutalirudia.

Je, mapambo hayo ni ya Wazungu? Naam, yametoka kwao. Walakini hayakutoka katika majumba ya wafalme. Yalitoka kwa watu wa milimani waliopungukiwa na kazi, wakatazama walicho nacho wakakishika. Nasi tu watu wa milimani. Tena upo uzi unaotufunga nao: wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na chama cha misioni cha Leipzig, na mji wa Leipzig uko katika Saksonia hiyo hiyo. Na hori la Noeli tulilonalo kanisani kila mwaka, lenye ng'ombe na punda, wazee wetu hawakulikataa kwa sababu Mtakatifu Fransisko alilitengeneza Greccio, katika Italia, mwaka 1223. Walilipokea, wakaliezeka kwa majani ya migomba. Hivyo ndivyo tutakavyo kwa mapambo haya. Kijana mmoja wa karakana yetu alianza kwa kukata paa wa nchi za theluji, mwenye pembe kama matawi, kwa kuwa alimwona katika kadi. Tukamwambia akate ng'ombe wa mama yake. Amemkata na nundu yake, naye yuko pale mezani. Mkimtazama mtasema kama tumefanya vibaya.

Na sasa lile neno la kwanza, kwamba huu ni mchezo.

Msumeno wenyewe Wajerumani huuita msumeno wa majani, kwa sababu ulitumika kukata mapambo yenye sura ya majani na vitawi. Ni upinde wa chuma wenye shingo ndefu, na kati ya ncha zake mbili umevutwa uzi wa chuma wenye meno, urefu wake kama sentimeta 13, mwembamba kiasi cha kupita katika tundu la sindano kubwa. Meno sharti yaelekee chini, maana msumeno hukata ushukapo. Mezani hufungwa kwa jiliwa ubao mdogo uliokatwa pengo la pembe tatu, na kazi hukaa juu ya pengo hilo. Ziko mashine za umeme zifanyazo kazi hiyo upesi, na zamani zilikuwako za kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Sisi tunayo moja ya umeme, na umeme ukikatika, jambo mlijualo, mikono huendelea.

Sheria ya kwanza ni kwamba msumeno hauendi kokote. Hupanda na kushuka mahali pamoja, umesimama wima, na ubao ndio unaogeuka. Kijana aliyezoea msumeno mkubwa hutaka kusukuma, na uzi hukatika papo hapo. Hapo huonekana tabia ya mtu. Tumewaona vijana wenye nguvu za kubeba gunia la kahawa wakivunja nyuzi sita kwa siku, na binti mpole akamaliza juma zima kwa uzi mmoja au miwili. Sheria ya pili: matundu ya ndani hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho, ili ubao ubaki na nguvu ya kushikwa. Kila tundu hutobolewa kwa kekee, uzi wa msumeno hufunguliwa upande mmoja, hupitishwa tunduni, hufungwa tena na kukazwa hata ulie kama uzi wa zeze ukiguswa. Nyota yenye matundu 12 hutaka hayo yote mara 12. Tena mkato mwembamba, kama mguu wa punda au ncha ya bawa, huwekwa kufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume chake utavunjika mkononi mwa mnunuzi, naye atakukumbuka kwa ubaya. Mwisho ni msasa, na nta ya nyuki kidogo, maana rangi nyingi huuficha mti mzuri.

Vumbi lake nalo si la kudharau. Ni jepesi kama unga, huingia kifuani, na la miti mingine, kama mvule, huwasha macho na pumzi. Kila kijana hufunga kitambaa kinywani na puani, na dirisha hufunguliwa hata siku ya baridi.

Je, seremala aliyejifunza haya amecheza? Sisi twasema amejifunza kupima, kusubiri, na kujua nyuzi za mti zinakwenda wapi. Akienda kutengeneza mlango hataupoteza ujuzi huo njiani.

Tumeahidi kurudia habari ya bei. Mwaka jana alitujia mfanya biashara mmoja, akazipenda nyota, akataka 500 kabla ya Noeli, kila moja shilingi 800. Vijana walishangilia. Tukakaa nao, tukahesabu kwa chaki ubaoni: mbao, nta, kamba na nyuzi za msumeno zivunjikazo, shilingi 300 kwa nyota moja. Zikabaki 500, na nyota moja ni kazi ya saa mbili. Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Mwalimu, hata hivyo ni fedha, na nyumbani hakuna." Neno hilo ni zito, wala hatukumkemea, kwa kuwa ni kweli nyumbani kwao hakuna. Ndilo neno walilosema watu wa Seiffen walipopokea bei ya fungu la sitini. Tulimpelekea yule bwana hesabu yetu, naye hajarudi. Vijana wawili wametuacha kwa ajili hiyo, wakaenda kubeba matofali, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba walikosa. Waliobaki waliuza nyota 60 tu, milangoni mwa makanisa, kwa shilingi 2,500 kila moja.

Kwa hiyo tunalo ombi kwa wazee wa vigango. Noeli inakuja, na kila kigango hununua mapambo ya karatasi ya kung'aa dukani, yasiyodumu hata mwaka wa pili. Nyota ya mti ikitunzwa kavu itapambwa na wajukuu wenu. Tungependa kila kigango kiagize nyota 10, mapema, kabla ya mwezi wa Oktoba, kwa bei ile ya shilingi 2,500, ili kazi ifanyike mchana na watu wazima. Watoto wa shule hatuwapokei karakanani ila Jumamosi asubuhi, na kwa kujifunza tu, si kwa fungu la kuuza.

Kuhusu mbao, hatukati mti kwa ajili ya mapambo. Maseremala wa hapa hutupa vipande vya mninga, vya mkangazi na vya msonobari kila siku, na kipande cha kiganja chatosha malaika mmoja. Wenye karakana watuwekee katika gunia, tutakuja kuvichukua. Na kijana atakaye kuanza, awe wa kiume au wa kike, afike Jumatatu saa mbili asubuhi na kalamu ya risasi na kitambaa cha kufunga puani. Msumeno tutampa. Juma la kwanza atakata mistari iliyonyooka tu, la pili duara, na nyota hataigusa mpaka la tatu.