Maji ya Mwea na Vifaranga wa Samaki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwea)



Huenda mtu akauliza: sisi watu wa mpunga tuna habari gani na samaki wa baharini? Jibu letu ni neno moja: maji.

Mifereji yetu, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1954 kwa jasho la watu waliowekwa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari, hupata maji ya mito Nyamindi na Thiba. Thiba huingia bwawa la Kamburu, na kutoka hapo maji huenda na mto Tana mpaka Kipini, katika Ghuba ya Ungwana.

Huko ndiko penye malezi. Samaki wengi wa bahari hutaga mayai majini na kwenda zao. Kifaranga akitoka yaini hana nguvu ya kushindana na mkondo. Huchukuliwa tu, mwembamba kama uzi. Akiba aliyozaliwa nayo ikiisha, ni lazima apate vidudu vya majini upesi, ama afe. Wengi hufa. Wachache hufika penye mikoko, wakajificha mizizini hata wakakua. Mto ukifurika huleta rutuba, nayo hukuza chakula chao, kama mbolea shambani.

Mabwawa ya Tana, tangu Kindaruma mwaka 1968 hata Kiambere mwaka 1988, yamepunguza mafuriko na kuzuia tope. Umeme tumepata, na faida yake twaijua. Mwaka 2022 likafunguliwa bwawa la Thiba kwa ajili ya mpunga wetu. Hatulikatai. Lakini yafaa mvuvi wa Kipini naye asikizwe maji yanapogawanywa.

Twasema mambo mawili. Kwanza, pampu za dawa zisioshwe mferejini. Dawa huua kwanza vifaranga wa samaki wa hapa hapa, na wenzetu wa chini huyanywa maji hayo. Mwenye kazi atoe mahali pa kuoshea, na mwanachama asiamrishwe vingine. Pili, chama kikienda kuzungumza habari za maji, kitake wavuvi nao waitwe.

Mvuvi naye ni mfanya kazi. Akirudi na wavu mtupu, watoto wake hulala njaa, kama wetu mpunga unapokauka. Mto ni mmoja. Na umoja wetu uwe vivyo hivyo.