Mtoto si Mali ya Kugawana
Wazazi wanapotengana na kugombania mtoto, baba hutaja ng'ombe wa mahari, mama hutaja uchungu wa kuzaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, haianzii kwa yeyote kati yao. Hutanguliza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Aliyefikia umri wa kutoa maoni yake husikilizwa. Tena mahakama hutazama madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Basi mzazi anayemnyakua mtoto ili amkomoe mwenzake, kwanza amemng'oa mwanawe shuleni na kwa nduguze. Haki ya malezi ni ya mtoto. Wajibu ni wa wazazi wote wawili.