Kuishinda Hofu: Habari za Watu Warukao Kutoka Katika Baluni

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za hofu, na jinsi mtu awezavyo kuitawala. Tumechagua mfano ulio mbali na maisha ya wengi wetu, yaani habari za watu wapandao angani katika baluni, kisha wakajitupa chini kwa hiari yao wenyewe, wakitegemea mwavuli wa kitambaa uwashushe salama. Labda mtasema, "Mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa Tunduma, Vwawa na Mbozi, ambao kazi yetu ni kahawa, mahindi na biashara ya mpakani?" Twawaomba mvumilie kidogo. Twatumaini kwamba kabla hatujaagana mtaona kuwa yatuhusu sana.

Katika nchi yetu ya Songwe kiko kitu kimoja mashuhuri kilichoanguka kutoka juu. Ni lile jiwe la chuma liitwalo Kimondo, lililo katika kilima cha Marengi, wilayani Mbozi. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Wenyeji walilijua tangu zamani, lakini habari zake ziliwafikia watu wa mbali mwaka 1930. Tuwapelekapo wanafunzi kulitazama, mara nyingi huuliza, "Jiwe hili lilianguka kwa nguvu namna hii, mtu naye akianguka kutoka angani, yawezekanaje afike mzima?" Swali hilo ni jema, na jibu lake ni hewa.

Hewa hatuioni, lakini si kitu bure. Twaeni karatasi mbili zilizo sawa. Moja ifinyangeni iwe kama jiwe dogo, na ya pili iacheni kama ilivyo. Ziangusheni pamoja kutoka mahali pa juu. Ile iliyofinyangwa hufika chini upesi, bali ile iliyokunjuka hutangatanga, kwa maana hewa huizuia. Uzito ni ule ule. Upana ndio uletao tofauti. Hiyo ndiyo siri ya mwavuli wa angani: huipa hewa mahali papana pa kushika.

Na baluni hupandaje? Hapo pia hewa ndiyo ifanyayo kazi. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi, nayo hupanda, kama moshi wa jikoni upandavyo darini. Baluni ni mfuko mkubwa sana wa kitambaa, wenye mdomo chini. Chini ya mdomo huo huning'inia tenga la kusukwa, ambamo watu husimama, na juu ya vichwa vyao huwashwa moto wa gesi uipashao moto hewa iliyo mfukoni. Ndugu wawili Wafaransa, Montgolfier kwa jina la ukoo, ndio walioonyesha watu jambo hili mwaka 1783. Mwezi wa Septemba walipandisha kondoo, bata na jogoo, wote wakashuka wazima. Na tarehe 21 Novemba mwaka huo huo watu wawili walipaa juu ya mji wa Paris.

Miaka 14 baadaye, tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa mwingine, André-Jacques Garnerin, alipanda katika baluni juu ya mji ule ule, akafika karibu mita 1,000. Hapo akaikata kamba iliyomfunga na baluni, akashuka kwa mwavuli wa hariri. Mwavuli ule haukuwa na tundu juu la kupitishia hewa, kwa hiyo uliyumba huku na huku kama kengele, na yeye akataabika sana. Lakini alifika chini akiwa hai. Tena wasidhani wasikilizaji wetu kwamba mambo haya yalikuwa ya wanaume tu. Mwaka 1799 Jeanne Labrosse, aliyekuwa mwanafunzi wa Garnerin, aliruka vivyo hivyo, naye ndiye mwanamke wa kwanza kushuka kwa mwavuli.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari za baluni. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake walipaa kutoka Unguja katika baluni ya gesi, wakavuka bahari hadi bara. Mwaka 1974 Alan Root, mpiga picha za wanyama aliyekaa Kenya, alipita kwa baluni juu ya kilele cha Kilimanjaro. Na tangu mwaka 1989 wageni hupelekwa angani kwa baluni za hewa moto katika mbuga ya Serengeti, wawatazame nyumbu alfajiri. Wageni wale hushuka pamoja na baluni yao, hawaruki. Lakini wengi wetu tumewaona askari wa miavuli wa Jeshi la Wananchi wakishuka katika sherehe za taifa, nao huruka kutoka katika ndege.

Basi kuna tofauti gani kati ya kuruka kutoka katika ndege na kuruka kutoka katika baluni? Tofauti ni kubwa, na hapa ndipo hofu iingiapo. Ndege huenda mbio. Mtu atokapo mlangoni hukutana mara moja na upepo wa nguvu, naye huweza kuuegemea kama mtu aegemeavyo maji ya mto. Tena kelele za injini humshughulisha asiwaze mengi. Baluni haina injini. Huchukuliwa na upepo, na kwa kuwa inakwenda sawasawa na upepo huo, walio ndani ya tenga hawasikii hata kivumo. Kote ni kimya. Mtu hutazama chini akaona mashamba na nyumba zilivyo ndogo, na hakuna kitu cha kumshughulisha ila moyo wake mwenyewe unaodunda.

Naye akishajitupa, kwa sekunde chache za kwanza hakuna upepo wa kumtegemeza. Tumbo humpanda, na akitapatapa kwa mikono na miguu hapati kitu cha kushika, kwa maana hewa haijapata nguvu chini yake. Lazima atulie na kungoja. Kadiri mwendo wake uzidivyo, ndivyo hewa izidivyo kumshika. Na baada ya sekunde 10 au 12 hivi hufikia mwendo wa karibu kilomita 190 kwa saa, wala hauzidi sana hapo. Sasa aweza kuuongoza mwili wake, na wakati wake ufikapo huufungua mwavuli. Angalieni neno hili: katika sekunde zile za kwanza, atuliaye ndiye aliye salama, na atapatapaye hujipindua mwenyewe.

Mwongoza baluni naye ana kazi yake. Mtu mmoja akitoka, tenga hupungukiwa na uzito, na baluni hupanda ghafula. Kwa hiyo huitanguliza kushuka polepole kabla hajatoa ruhusa ya kuruka. Ndivyo ilivyo: kila mmoja arukaye ana mwenzake aliyefikiri mbele kwa ajili yake. Na mgongoni mwake hubeba miavuli miwili, mkubwa na wa akiba, ili wa kwanza ukikosa, wa pili uwepo.

Sasa twawaletea habari za watu wawili. Wa kwanza ni Joseph Kittinger, askari wa ndege wa Marekani. Baluni zake hazikuwa za hewa moto, bali za hiliamu, gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Tarehe 16 Novemba 1959 aliruka kutoka juu ya futi 76,000. Mwavuli mdogo wa kumtuliza ulifunguka kabla ya wakati, kamba zikamzinga shingoni, naye akazunguka kama pia hata akazimia. Mwavuli wa akiba, uliotengenezwa ujifungue wenyewe, ndio uliomwokoa. Tarehe 11 Desemba, hata mwezi haujatimia, aliruka tena. Na tarehe 16 Agosti 1960 aliruka kutoka futi 102,800, yaani zaidi ya kilomita 31. Alipokuwa akipanda siku hiyo, glavu ya mkono wake wa kulia iliharibika na mkono ukavimba vibaya, lakini alichelewa kuwaambia wenzake, asije akaamriwa kushuka. Mkono ulipona. Lakini hilo sisi hatulisifu. Kuficha kasoro si ushujaa, na mwanafunzi asiige.

Wa pili ni Felix Baumgartner, mtu wa Austria. Huyu alikuwa amekwisha kuruka kutoka majumba marefu kabisa ya dunia, wala kuanguka hakukumtisha. Lakini alipoanza kujitayarisha kuruka kutoka kilomita 39, ilimpasa kuvaa vazi zito lililozibwa pande zote, na vazi hilo ndilo lililomshinda. Mwaka 1910 na mia moja zaidi, yaani 2010, siku ya kujaribiwa kukaa ndani ya vazi kwa saa nyingi, aliondoka akaenda uwanja wa ndege, akarudi kwao. Tafakarini jambo hili: mtu aliyesifiwa ulimwenguni kuwa hana hofu, alikimbia nguo!

Alifanya nini? Hakujidai kwamba haogopi. Alikiri, akaletewa mtaalamu wa mambo ya nafsi, akafundishwa kulizoea vazi kidogo kidogo, kupumua kwa utulivu, na kujisemea maneno ya kumjenga badala ya maneno ya kumvunja. Tarehe 14 Oktoba 2012, huko New Mexico, aliruka, akashuka kwa mwendo uliopita mwendo wa sauti. Na ile sauti iliyomwongoza kwa redio alipokuwa akipanda ilikuwa sauti ya nani? Ilikuwa ya Mzee Kittinger, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 84. Aliyekwisha pita njia ile ndiye aliyemwelekeza aliyekuwa akiipita.

Wataalamu nao wamelichungua jambo la hofu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Seymour Epstein na Walter Fenz, waliwapima warukaji wa miavuli. Waliona kwamba wanafunzi wapya hofu yao huzidi na kuzidi kadiri wakati wa kuruka unavyokaribia. Wazoefu nao huogopa, lakini hofu yao hupanda mapema, kisha hushuka kabla ya kuruka, wakawa watulivu wakati utulivu unapohitajiwa. Basi twaona kwamba mzoefu si mtu asiye na hofu. Ni mtu aliyeitumia mapema: ameitumia kukagua kamba zake, kupima upepo, na kuuliza, "Je, hiki kikishindwa, nitafanya nini?" Akiisha kuyatimiza hayo, hofu haina kazi tena.

Sasa turudi nyumbani. Mwajua sote ule mteremko wa Senjele, na ajali za malori zilizotokea pale. Dereva ashukaye bila kupima breki zake si shujaa, wala yule anayesimamisha lori lake juu ya mlima akalikagua si mwoga. Hofu ni kama breki. Gari lisilo na breki huua. Na gari lililofungwa breki daima halifiki Tunduma. Kazi yetu ni kujua wakati wa kuzikanyaga na wakati wa kuziachia.

Sisi tufundishao walimu twaiona hofu kila mwaka. Kijana aliyejifunza vizuri hupelekwa kwa mara ya kwanza kusimama mbele ya darasa la watoto 70. Hushika chaki, akageukia ubao, na mkono ukatetemeka. Tumewaona wengine walioacha kazi siku ile ile, na watoto wakapoteza mwalimu ambaye angaliwafaa sana. Kijana wa namna hiyo yuko katika sekunde zile za kwanza, kabla hewa haijamshika. Twamwambia: tulia, usitapetape, pumua, soma sentensi ya kwanza uliyoiandaa, na baada ya kitambo utaona kwamba darasa linakubeba. Na kwa sababu hiyo twamtaka aandae somo lake usiku uliotangulia, aogope usiku, ili asubuhi awe mtulivu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi aingiaye katika mtihani, na kwa mama aendaye mara ya kwanza kusema mbele ya mkutano wa kijiji.

Neno la mwisho. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Baumgartner alifariki mwezi wa Julai 2025 huko Italia, katika ajali ya kuruka kwa mwavuli wenye injini. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba mtu aishindaye hofu huishinda na hatari. Hatari hubaki palepale, na kila mara yataka kuheshimiwa upya. Wala hatuwaambii mpande angani. Twawaambia kwamba kila mtu ana tenga lake la kutoka, na pengine limemtisha kwa miaka mingi. Akiri hofu yake, amtafute aliyekwisha pita njia hiyo, akague kamba zake mapema. Na wakati ufikapo, atulie, aruke.