Miguu Ikaguliwe Kwanza

Pingili za mgongo wa kati ni 12, kuanzia chini ya shingo hadi juu ya kiuno, na kila moja imeshikamana na jozi ya mbavu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu mfano wa mto mdogo, chenye ukanda mgumu pembeni na ute mzito katikati. Ukanda huo ukichakaa au ukichanika, ute husukumwa nje, na hapo ndipo watu husema diski imetoka. Mara nyingi hutoka kiunoni au shingoni, mahali panapoinama na kugeuka kutwa nzima. Mgongo wa kati umefungwa na mbavu na kidari, haujongei sana. Kwa sababu hiyo, katika kila wagonjwa 100 wanaosumbuliwa na diski, wa sehemu hiyo hafiki hata mmoja. Wengi wanaopatwa ni watu wa makamo, na diski yenyewe huwa chini ya pingili ya 8, kwa kuwa mbavu za chini hazikukazwa kidarini kama za juu.

Uchache huo haupunguzi uzito wa maradhi haya. Ndani ya pingili hupita mshipa mkuu wa fahamu, unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Ukifika kiunoni, mshipa huo umekwisha kugawanyika nyuzi nyuzi, na nyuzi zinaweza kusogea pembeni diski inapozisukuma. Kwenye mgongo wa kati bado ni mzima, na tundu unamopita ni jembamba. Diski ikichomoza hapo, mshipa hauna pa kukimbilia.

Dalili ya kwanza huwa ni maumivu, na maumivu yenyewe ni ya kupoteza njia. Huanzia mgongoni yakazunguka ubavu hadi mbele, kama mtu aliyefungwa mshipi. Mshipa wa fahamu unaotoka karibu na pingili ya 4 hufika usawa wa chuchu, na ule wa pingili ya 10 hufika kitovuni. Njia hizo ndizo unazozifuata mkanda wa jeshi, ila kwenye diski hakuna malengelenge. Si ajabu basi mgonjwa kutibiwa vidonda vya tumbo, au kupimwa moyo na figo, kabla mtu hajafikiria kumgusa mgongo. Na ni sawa moyo upimwe, kwa sababu maumivu ya kifua hayafai kukisiwa.

Mshipa mkuu ukibanwa, habari hubadilika. Miguu huwa mizito au hukakamaa, mtu hujikwaa mahali tambarare, ganzi hushuka kuanzia kifuani au tumboni, haja ndogo hukataa kutoka au hutoka bila kuzuilika. Mtu wa namna hii anaweza asilalamike maumivu hata kidogo.

Kipimo kinachoionyesha diski vizuri ni MRI, lakini nacho kinahitaji msomaji mwenye busara. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 90 wasio na maumivu yoyote ya mgongo wa kati, na zaidi ya theluthi yao walikutwa na diski iliyotoka. Picha peke yake, pasipo dalili zinazolingana nayo, haitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Baadhi ya wenye maumivu haya huenda kutafuta kiropraktiki, tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono, iliyoanzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Palmer alifundisha kwamba karibu kila maradhi hutokana na pingili zilizopotoka na kubana mishipa ya fahamu. Dai hilo halikuthibitika. Fani yenyewe, hata hivyo, ilikua na kupata masharti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka tabibu wake asome angalau saa 4,200 katika miaka minne, zikiwemo saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi. Afrika Kusini hufundisha fani hii chuo kikuu, Durban na Johannesburg. Afrika Mashariki matabibu hao ni wachache, na wengi wako mijini.

Tabibu wa kiropraktiki hukandamiza taratibu, hulegeza misuli, hufundisha mazoezi ya kupumua na kunyoosha kifua, na pengine hutoa msukumo mfupi wa haraka kwenye kiungo. Mlio unaosikika hapo ni wa gesi ndani ya maji ya kiungo. Si pingili iliyorudi mahali pake. Wala hakuna mkono unaoweza kuirudisha diski ndani. Kinachopungua ni ukakamavu wa viungo vya mbavu na misuli iliyojikaza kuilinda sehemu inayouma, na nafuu hiyo ni ya kweli kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini ushahidi kuhusu diski za mgongo wa kati ni haba, nao ni visa vya mgonjwa mmoja mmoja. Isitoshe, diski nyingi zisizobana mshipa mkuu hutulia zenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, kwa dawa za maumivu na mazoezi, na mwili hufyonza sehemu ya ute uliotoka. Aliyepona baada ya kunyooshwa huenda angepona vilevile.

Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unakataza msukumo kwenye diski yenye dalili za mishipa ya fahamu zinazozidi. Unaukataza pia kwenye uvimbe wa saratani na maambukizi ya mifupa, na kwa Afrika Mashariki neno hili la mwisho lina uzito wa pekee. Kifua kikuu hushambulia pingili, hasa za mgongo wa kati na za juu ya kiuno, kikazila hadi zikaporomoka. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe kifua kikuu kabla mtu yeyote hajaweka kiganja mgongoni. Kusukuma pingili iliyooza kunaweza kumpoozesha mgonjwa.

Kwa hiyo tabibu anayestahili kuaminiwa huanza na miguu. Hupima nguvu zake, hugonga magoti kwa nyundo ndogo, hukwaruza unyayo aone kidole gumba kinaelekea wapi, kisha huuliza kuhusu haja ndogo. Asiyefanya hivyo asiruhusiwe kuusukuma mgongo. Na mgonjwa ambaye miguu imeanza kumlegea au mkojo kumpotea apelekwe hospitali siku hiyohiyo.