KUNUNUA TREKTA DOGO LILILOTUMIKA

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kufungua redio, andika ubaoni maneno haya: injini, oili, rejeta, klachi, moshi, vipuri. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Maswali yako mwisho wa somo.

Bila shaka mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni juu ya kununua trekta dogo ambalo limekwisha tumiwa na mtu mwingine.

Tunaposema trekta dogo, tuna maana ya trekta lenye nguvu za farasi 15 hadi 40 hivi. Trekta la namna hii laweza kulima shamba la mpunga au la mahindi, kuvuta tela, na kuendesha mashine ya kupukuchua. Mengi huletwa kwetu kutoka Japani, yakiwa yamekwisha fanya kazi huko miaka mingi. Tena kuna yale ya zamani, makubwa kidogo, kama Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Baadhi yake yanalima mpaka leo.

Kununua kitu kilichotumika si vibaya. Trekta jipya ni ghali, na trekta zuri lililotumika laweza kukufaa kwa miaka mingi. Lakini fedha za kununulia trekta ni fedha za jasho. Ni mavuno ya misimu kadhaa, au ng'ombe waliouzwa, au akiba ya kikundi kizima. Ukinunua bovu, fedha hazirudi. Na mvua hazimngoji mtu ambaye trekta lake liko kwa fundi.

Jambo hili lilionekana Tanganyika zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa. Baada ya vita matrekta mapya yalikuwa haba, basi wakanunua mengi yaliyotumika, masalio ya vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Mengi yaliharibika upesi, na vipuri na mafundi wa kutosha hawakuwapo. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, kama uhaba wa mvua na ugumu wa udongo, lakini matrekta mabovu yalikuwa sababu mojawapo. Serikali ile iliweza kubeba hasara yake. Wewe je, waweza?

Kila mfugaji anajua kununua maksai. Hatazami rangi ya ngozi tu. Humfungua kinywa akaona meno, humtembeza akaona kama anachechemea, kisha humfunga nira akaona kama anavuta. Trekta ni vivyo hivyo. Rangi mpya hupakwa kwa siku moja, na rangi hailimi. Basi sikilizeni mambo sita ya kufanya.

JAMBO LA KWANZA: KABLA YA KWENDA KULITAZAMA

Kwanza uliza vipuri. Usingoje mpaka umekwisha nunua. Nenda katika maduka ya vipuri yaliyo karibu nawe, utaje jina na namba ya aina ya trekta unalolitaka. Uliza kama wanacho kichujio cha oili, diski ya klachi, na pampu ya maji. Wakikuambia kitaagizwa, uliza kitachukua siku ngapi. Trekta ambalo vipuri vyake havipatikani, hata likiuzwa rahisi, liache.

Pili, tafuta fundi wako mwenyewe, umlipe ujira wake. Usimtegemee fundi wa muuzaji, wala dalali. Dalali hupata fedha ukinunua. Usiponunua hapati kitu.

Tatu, mwambie muuzaji hivi: "Tafadhali usiwashe trekta kabla sijafika." Hili ni neno kubwa, na sasa hivi mtajua sababu yake.

JAMBO LA PILI: LITAZAME LIKIWA LIMEZIMWA

Ukifika, weka mkono karibu na injini, uiguse polepole. Ikiwa ni ya moto, basi imekwisha washwa. Huenda ni bahati tu, lakini huenda inakataa kuwaka ikiwa baridi, na muuzaji hataki uone. Waambie utarudi kesho asubuhi.

Ikiwa ni baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu katika injini ya dizeli. Lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na hiyo ni hatari. Fungua rejeta, ikiwa baridi tu, maana rejeta ya moto humuunguza mtu uso. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, huenda gasketi imeungua au injini imepasuka.

Sasa zunguka trekta lote. Inama, utazame chini. Je, oili inadondoka? Trekta lililooshwa likang'aa usilisifu upesi, kwa maana maji huondoa alama za oili iliyovuja. Tazama mahali injini inapoungana na giaboksi. Ukiona chuma kimechomelewa hapo, uliza kwa nini. Trekta hilo huenda lilipinduka, au lilivutishwa mzigo kuliko nguvu zake.

Shika gurudumu la mbele kwa mikono miwili ulitikise. Zungusha usukani kidogo. Ukicheza sana kabla magurudumu hayajageuka, viungo vyake vimelika. Ikiwa magurudumu ya mbele nayo huvuta, tazama kama oili inavuja penye vituo vyake. Tazama matairi: meno yake yamebaki kiasi gani, na je, yana nyufa? Wengine hujaza maji katika matairi ya nyuma ili yawe mazito. Maji hayo yakivuja huozesha chuma cha gurudumu, basi chunguza sana mahali pa kutilia upepo.

Mwisho, soma mita ya saa. Mita hii haihesabu kilomita. Huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Kwa kuwa sasa mnajua kusoma tarakimu, isomeni wenyewe msisomewe. Lakini msiiamini peke yake, kwa sababu mita yaweza kufa au kubadilishwa. Linganisheni na vitu vingine. Mita ikisema saa 600, lakini mpira wa pedali umelika kabisa, kiti kimechakaa, na matundu ya kufungia plau yamekuwa mapana, basi aminini chuma.

JAMBO LA TATU: WASHA INJINI NA UTAZAME MOSHI

Sasa mwambie muuzaji awashe. Wewe simama ubavuni, mahali unapoona bomba la moshi. Injini nzuri huwaka upesi, ijapokuwa asubuhi ya baridi hukawia kidogo. Ikihitaji kusukumwa, jua kwamba betri, stata, au injini yenyewe ina udhaifu.

Moshi una lugha yake. Andikeni katika madaftari:

Moshi mweupe unaotoka kidogo asubuhi, kisha ukaisha, si kitu. Usipokwisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani, au dizeli haiungui vizuri.

Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Pistoni au ringi zake zimechakaa. Kutengeneza ni ghali.

Moshi mweusi sana maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huenda kichujio cha hewa kimeziba tu, na hilo ni jambo dogo. Huenda pia pampu ya dizeli au nozeli ni mbovu, na hilo si dogo. Moshi mweusi kidogo trekta likivuta kwa nguvu si wa kutisha.

Kisha fundi wako afungue kifuniko cha kutilia oili, injini ikiwaka polepole. Hewa kidogo ikitoka si neno. Ikitoka kwa nguvu pamoja na moshi, kama mtu anayehema, ringi zimelika. Tazameni taa ya oili vilevile. Iwake kabla ya injini kuwashwa, na izimike mara injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata makusudi.

JAMBO LA NNE: LIFANYE KAZI

Usinunue trekta lililowashwa tu uani. Lipeleke shambani, ufunge plau, ulime. Lima muda wa saa moja, si dakika tano. Makosa mengi hujificha mpaka mashine ipate moto.

Lilimapo, sikiliza. Ikiwa injini inavuma kwa nguvu lakini trekta linapunguza mwendo na magurudumu hayatelezi, klachi ndiyo inayoteleza. Ingiza gia zote, moja moja, za mbele na ya nyuma. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi imechakaa. Jaribu breki ya kushoto peke yake, kisha ya kulia, kisha zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja.

Sasa inua plau juu kwa haidroliki, uzime injini. Mtu yeyote asisimame karibu na plau, wala asiweke mguu chini yake. Subiri dakika chache. Likishuka polepole sana ni kawaida ya trekta lililotumika. Likishuka mbele ya macho yako, haidroliki inavuja ndani.

Washa tena, ujaribu shafti ya nyuma, ile ambayo mafundi huiita PTO. Kwa desturi shafti hii huzunguka mara 540 kwa dakika. Matrekta mengi madogo ya Japani yana mwendo zaidi ya mmoja wa shafti hii, na alama zake zimeandikwa Kijapani. Fundi akuonyeshe kila wenzo una kazi gani, nawe uandike kwa Kiswahili, ubandike karibu na kiti. Muda wote huo mtazame mshale wa joto. Trekta linalochemka kwa kazi ya saa moja halitamaliza msimu.

JAMBO LA TANO: USALAMA WA MWENYE KULIENDESHA

Juu ya trekta hili atapanda mwanao, au mumeo, au wewe mwenyewe. Tazama kama shafti ya nyuma ina kifuniko. Shafti iliyo wazi hukamata kanga au shati na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Tazama kama nyuma ya kiti kuna fremu imara ya chuma na mkanda, ili trekta likipinduka dereva asipondwe. Matrekta mengi ya zamani hayana. Ukilinunua lisilo na fremu, weka gharama ya fremu hiyo katika hesabu yako, na usipite nalo kwenye mteremko mkali.

JAMBO LA SITA: KARATASI NA HESABU

Kila trekta lina namba zake, zilizopigwa katika chuma. Zisome tarakimu kwa tarakimu, uzilinganishe na kadi ya usajili. Zisipolingana, usitoe hata senti. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo katika kadi. Asipokuwa yeye, awepo mwenyewe. Andikianeni hati, mashahidi watie sahihi, na kadi ibadilishwe jina. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mapato.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano wa darasani tu.

Trekta la kwanza linauzwa shilingi 9,000,000. Lakini linahitaji matairi mawili ya nyuma, shilingi 1,600,000. Klachi, shilingi 900,000. Na pampu ya dizeli, shilingi 1,200,000. Jumla ni shilingi 12,700,000.

Trekta la pili linauzwa shilingi 12,000,000. Linahitaji oili mpya na vichujio tu, shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 12,200,000.

Lililoonekana rahisi limezidi kwa shilingi 500,000. Tena hatujahesabu siku za kungoja fundi wakati jirani anapanda. Kwa hiyo ukiona kasoro, iandike na gharama yake, kisha umwonyeshe muuzaji karatasi hiyo. Utazungumza naye bei kwa hesabu, wala si kwa kubembeleza.

Muuzaji akisema, "Nunua leo, kesho kuna mtu mwingine anakuja," mwache huyo mtu mwingine aje. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akikataa usiwashe injini ikiwa baridi, au akikataa usilime nalo, amekwisha kukujibu. Mshukuru, ufunge fedha zako, urudi nyumbani. Siku moja uliyopoteza si kitu. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndugu zangu, hapo ndipo mwisho wa somo letu. Sasa zungumzeni na mwalimu wenu. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini yafaa kuikuta injini ikiwa baridi?

2. Moshi wa buluu una maana gani? Na moshi mweusi je?

3. Mita inasema saa 600, lakini pedali zimelika. Utaamini nini?

4. Trekta linauzwa shilingi 8,500,000. Linahitaji klachi ya shilingi 900,000 na fremu ya shilingi 700,000. Jumla ni shilingi ngapi?

5. Katika kijiji chenu, vipuri vya trekta hupatikana wapi, na ni mwendo wa siku ngapi?

Kazi ya nyumbani: Andika katika daftari majina ya yale mambo sita kwa mwandiko wako mwenyewe. Ukienda kutazama trekta, chukua daftari hilo.