Kengele ya Rimu

Wasikilizaji wa Masagati, Mlimba na bonde zima la Kilombero, mnazijua shule ngapi ambazo kengele yao ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini? Basi somo la leo, la kutumia tena taka, mlikwisha kulianza zamani.

Walimu wakuu na kamati za shule, mkipanga manunuzi, ulizeni pia bidhaa zilizotokana na taka. Jijini Nairobi, kampuni ya Gjenge Makers ya Nzambi Matee huchanganya plastiki chakavu na mchanga, huupasha moto mchanganyiko huo na kuushindilia, ukatoa matofali ya kutandaza njiani. Huko Lamu, mafundi waliunda jahazi zima la plastiki iliyorejelezwa, Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Dar es Salaam, EcoAct hutengeneza mbao za plastiki.

Mbao hizo mchwa hawazili, wala haziozi kwa mvua zetu mnazozijua. Bei ya kwanza huenda ikawashtua. Pigeni hesabu ya miaka, si ya siku ya kununua.

Ila msiyeyushe plastiki uani mwa shule. Moshi wake ni sumu. Chupa zikusanyeni kwa wanaorejeleza, na mafundi wa bati wapeni kazi ya kutengeneza vizoleo na ndoo kwa mabati chakavu.